Karibu Kwihara kwa Simu: Vidokezo 11 vya Kurusha Makumbusho Mubashara

Shangazi yangu anaishi Maskati. Alizaliwa hapa Mtendeni, akaondoka Tabora akiwa binti mdogo, na Kiswahili chake mpaka leo ni kile kile cha nyumbani. Likizo moja niliwapeleka watoto Kwihara, karibu na mji wa Tabora, kwenye tembe la udongo alilokaa mmisionari David Livingstone, nikampigia shangazi simu ya video nikiwa pale uani. Nilidhani atataka kuona picha na ramani. Yeye akasema, "Mwanangu, hebu gonga huo ukuta nisikie."

Nikaugonga. Ukuta wa udongo haulii kama wa tofali la saruji. Sauti yake ni nzito na fupi, kama mtu anayejipiga kifua. Shangazi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndiyo huo. Nyumba yetu ililia hivyo hivyo."

Picha za tembe la Kwihara angeweza kuziona siku yoyote mtandaoni. Alichokipata siku ile ni kuomba jambo na mtu aliyekuwa pale kulitenda papo hapo. Raha yote ya kurusha mubashara imelala hapo: aliye mbali anauliza, mwenyeji anajibu.

Makumbusho makubwa yamelijua hilo kitambo. Juni 2013, British Museum ya London ilirusha maonyesho yake ya Pompeii na Herculaneum moja kwa moja kwenye kumbi za sinema. Mwaka 2020, korona ilipowafungia watu majumbani, waongoza watalii wa Serengeti waliingia porini na kamera, wakawaonyesha nyumbu kupitia kipindi cha Serengeti Show Live. Mwaka huo huo UNESCO ilieleza kwamba takriban asilimia 90 ya makumbusho duniani, zaidi ya 85,000, yalikuwa yamefunga milango. Na kwa Afrika na nchi za visiwa vidogo, ni asilimia 5 tu ya makumbusho yaliyoweza kuwapa watu kitu cha kutazama mtandaoni.

Hiyo asilimia 5 inaniuma, kwa sababu vya kuonyesha tunavyo. Vidokezo hivi nimemwandikia mtunza kituo cha kale, mwalimu wa historia, na kijana wa Mtendeni mwenye simu mkononi na hamu ya kuisimulia Tabora.

1. Beba swali moja tu

Wengi huanza kwa kutaka kuonyesha jumba zima, chumba baada ya chumba, kama dalali anayetafuta mnunuzi. Dakika ya tano mtazamaji ameshachoka. Chagua swali moja, lipe dakika 20 au 30.

Mfano: kwa nini Livingstone alikaa Kwihara zaidi ya miezi sita? Aliingia pamoja na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley tarehe 18 Februari 1872, wakitokea Ujiji. Stanley akashika njia ya pwani tarehe 14 Machi. Livingstone akabaki mpaka 25 Agosti, akiwasubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka huko. Swali hilo moja linakufungulia tembe, ua, njia ya misafara, kazi ya upagazi na umbali wa Bagamoyo.

Kipindi kijacho chukua swali jingine. Mtaa wetu unaitwa Mtendeni. Huo mtende wa pwani na Arabuni ulifikaje huku bara, na nani aliupanda?

2. Uzito uonekane

Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani takriban kilo 32. Ukiutaja hivi hivi, mtazamaji anaitikia na kusahau. Fanya hivi: jaza mchanga kwenye kiroba, ukipime kwenye mizani ya dukani mbele ya kamera mpaka kifike kilo 32, kisha mtwike kijana mwenye afya yake, azunguke nao ua.

Mwache atembee dakika tano nzima huku wewe unasimulia. Watu watamwona akiuhamisha mzigo kutoka bega la kulia kwenda la kushoto, kisha kuurudisha. Wataona jasho likianza kwenye paji la uso na pumzi ikibadilika. Dakika ya kwanza atakuwa anatania. Ya nne hasemi neno. Akitua, mpe maiki, umwulize bega linasemaje. Halafu ndipo uwaambie watazamaji kwamba Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwamba hiyo njia waliikata kwa miguu.

Mtoto aliyeona hayo hutamfundisha tena maana ya neno "mpagazi".

3. Wape watu majina yao

Kwa miaka mingi Kwihara imesimuliwa kama nyumba ya Wazungu wawili. Lakini watazame waliorudi hapo bila Livingstone akiwa hai. Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao waliukausha mwili, wakaufunga, wakaanza safari ndefu ya kwenda pwani. Oktoba 1873 walifika hapa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, na kumkuta Luteni Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa. Wakaubeba tena, na Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo.

Simama mlangoni mwa tembe uusimulie uamuzi huo. Waliouamua walikuwa Waafrika, na walikuwa na sababu zao.

Usiruke maumivu pia. Njia hii ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha watu waliouzwa. Tanzania iliiingiza njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe kwenye orodha yake ya awali ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kati ya wanaokutazama wamo wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza, na wengine wao wanakula sahani moja. Yataje mambo kwa majina yake, kwa sauti ya heshima, bila maigizo ya minyororo.

4. Sauti kwanza, picha baadaye

Picha ikififia, mtu anavumilia. Sauti ikikatika, anaondoka. Kiangazi upepo wa Tabora hauna adabu, na maiki ya simu inaudaka wote. Tafuta maiki ndogo ya kubana kwenye kola, yenye kifuniko cha sponji. Kama huna, tumia ya kwenye earphone na uifunike kwa kipande cha sponji. Upepo ukizidi, ingia ndani: kuta nene za udongo huzuia upepo na kelele, na chumba cha tembe ni studio ambayo wengine huijenga kwa fedha nyingi.

Shida ya ndani ni giza. Usimsimamishe msimulizi akiupa mlango mgongo, atageuka kivuli cheusi. Mgeuze aukabili mlango, mwanga umwangukie usoni.

Na uzitumie sauti za mahali penyewe. Fungua mlango polepole karibu na maiki. Kanyaga changarawe. Gonga ukuta.

5. Piga hesabu ya bando

Picha ya kiwango cha 720 inataka kasi ya kupandisha ya takriban megabiti 3 kwa sekunde. Kwa nusu saa hiyo ni kama megabaiti 675. Ukishuka hadi megabiti 1, nusu saa inakula kama megabaiti 225. Picha haitakuwa kali, lakini kwenye kioo cha simu inatosha.

Kinachohesabiwa hapa ni kupandisha, ambako mara nyingi huwa polepole kuliko kupakua. Kwa hiyo nenda siku moja kabla, simama pale pale utakaposimama, saa ile ile, na upime. Beba laini za kampuni mbili tofauti. Beba pawabenki iliyojaa, maana umeme haukupi ahadi. Zuia simu zinazoingia, la sivyo mtu wa kuulizia deni atakukatia kipindi katikati. Simu ikae kwenye stendi, kivulini, kwa sababu simu iliyopata moto juani hujizima yenyewe.

Akaunti nayo ifunguliwe mapema. YouTube inataka uwe na wafuatiliaji angalau 50 ndipo ikuruhusu kurusha kwa simu, na mara ya kwanza idhini yenyewe inaweza kuchukua saa 24. Usigundue hilo asubuhi ya tukio.

6. Saa yako, saa yao

Jumamosi saa 10 jioni ni saa nzuri ya Tabora. Jua limepungua makali, na Maskati ni saa 11 jioni, watu wameshapumzika. London ni saa 7 mchana, au saa 8 wakati wa majira yao ya joto. Toronto ni saa 2 asubuhi, au saa 3. Mtu wetu wa kule anakutazama akinywa chai.

Kwa shule, weka kipindi chake peke yake, siku ya masomo, kama saa 4 asubuhi, na uanze kwa "Mwangaluka!" uone darasa zima la Urambo linavyoitikia. Ukishapata saa, ishike hiyo hiyo kila mwezi. Na tarehe 18 Mei, Siku ya Makumbusho Duniani, isikupite.

7. Awepo mtu wa kupokea maswali

Msimulizi hawezi kusimulia, kushika simu na kusoma maoni kwa wakati mmoja. Mwenzake akae pembeni na simu ya pili, asome maswali kwa sauti, akitaja jina aliloandika mtu na mahali alipo: "Kuna mama yupo Kaliua, anauliza dari hili limezuiwa na nini." Mtu akisikia jina lake likitamkwa ndani ya tembe la Kwihara, hatoki tena.

Jua pia kwamba matangazo ya YouTube huchelewa. Ukiuliza jambo sasa hivi, jibu la mtazamaji linaweza kukufikia baada ya sekunde 10, 20 au hata 30. Wasiojua hilo huuliza, wakasubiri kidogo, wakaona kimya, wakavunjika moyo. Uliza, endelea kusimulia, majibu yatakukuta njiani.

Hakuna swali la kuchekwa. Mtoto akiuliza choo kilikuwa wapi, ameuliza jambo ambalo mabingwa wa historia huliandikia vitabu. Ukiwa hujui, sema wazi kwamba utatafuta, na kipindi kijacho uanze na jibu lake. Kuuliza si ujinga, na kukiri hujui si aibu.

8. Wafuate kwenye kibanda umiza

Hapa ndipo tunapoyazidi makumbusho ya London. Huko wengi hutazama peke yao sebuleni. Sisi tuna vibanda umiza. Karibu kila mtaa na kila mji mdogo wa Sikonge, Nzega na Kaliua una banda lenye televisheni kubwa, mabenchi na mwenye banda aliyezoea kuunganisha king'amuzi, spika na jenereta, na asubuhi, kwa kuwa hakuna mpira, banda liko huru.

Zungumza naye. Mlipie saa moja, au mkubaliane watoto waingie bure naye auze juisi na karanga. Simu moja yenye bando, waya wa kuiunganisha na televisheni, na watoto 80 wapo Kwihara. Mwalimu mmoja akae mbele akusanye maswali yao na kuyaandika kwenye simu. Kwa mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna simu ya kisasa, hayo ndiyo makumbusho yake ya kwanza, na ataingia kwa mlango anaoujua.

Kama kuna mtu anayejua lugha ya alama, mpe nafasi yake kwenye kona ya picha tangu mwanzo. Viziwi nao ni wageni wetu.

9. Ruhusa kabla ya kamera

Majengo na vituo vya kale vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Zungumza na wanaosimamia kituo, ueleze unataka kurusha nini, na upate ruhusa kwa maandishi. Ukitaka kuendesha chaneli ya kudumu, uliza Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kama aina ya maudhui yako inahitaji leseni, kwa mujibu wa Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 na marekebisho yake. Sura za watu, hasa za watoto, zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022; zungumza na shule na wazazi kabla ya kuwaonyesha wanafunzi.

Ni karatasi chache tu, lakini huja kukusaidia siku mtu atakapouliza nani amekutuma.

10. Wazee leo, si mwakani, na kipindi kihifadhiwe

Historia ya Tabora haikuishia 1872. Hapa ndipo Julius Nyerere aliposoma sekondari. Hapa, Januari 1958, mkutano wa chama cha TANU ulikubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule uliomtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na uamuzi huo ukabaki na jina la Uamuzi wa Busara. Aliyekuwa na miaka 15 siku zile sasa amepita 80. Wapo bado kwenye baraza za nyumba zetu, na kila mwaka wanapungua.

Mtembelee mzee siku moja kabla. Mwamkie, kaa, zungumzeni bila simu. Mweleze kwamba kesho watamsikia watu walio mbali, akubali mwenyewe. Siku ya kipindi mweke kwenye kiti chake alichokizoea, karibu na maji ya kunywa. Akikosea tarehe, usimsahihishe mbele ya watu. Utaieleza vizuri mwishoni, kwa upole. Unachotaka kwake ni kile ambacho hakimo kitabuni: wageni walilala wapi, walipikiwa nini, nani alisimama nje ya ukumbi akisubiri habari.

Kisha kitunze kipindi. Tangu Februari 2025, Facebook huondoa video mpya za mubashara baada ya siku 30. Pakua siku hiyo hiyo. Nakala moja kwenye diski, moja ipeleke maktaba ya shule, moja wape watoto wa mzee. Ipe faili jina linaloeleweka: mahali, tarehe, msimulizi.

11. Igeuze kamera

Vitu vya Unyamwezi vingi vimelala mbali. Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin yanatunza kiti kirefu cha enzi kutoka Buruku, kimechongwa umbo la binadamu kwenye mwegemeo wake, kazi ya fundi aliyeijua mbao kama mama anavyomjua mwanawe. Nyaraka za Stanley ziko Tervuren, Ubelgiji. Na shajara aliyoiandika Livingstone mwaka 1871 juu ya karatasi za gazeti kuukuu, kwa wino wa matunda, ilifika mahali ikawa haisomeki. Wataalamu wakaipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na tangu 2011 inasomeka mtandaoni kwa yeyote.

Wanaotunza vitu hivyo nao wana kamera. Waandikie barua pepe. Waombe nusu saa, mubashara, kiti kikiwa mbele ya kamera, na upande wa Tabora wakae wachongaji na wazee. Ombeni wakizungushe polepole. Ombeni waonyeshe nyayo za kiti, mahali patasi ilipoteleza, mahali palipong'aa kwa kukaliwa. Mchongaji wa hapa ataona jambo ambalo mtunza kabati wa kule hajaliona kwa miaka mia, naye ataliandika kwenye kumbukumbu zake. Kiti chenyewe kirudi lini, hilo ni shauri la serikali na wenye mali kulidai. Kukitazama na kukiulizia kunaweza kuanza mwezi ujao.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeuona ukweli wake kwenye ukuta ule. Nilikuwa nimefika Kwihara mara nyingi na sijawahi kuugonga, mpaka mtu aliyeko Maskati aliponiomba. Yeye ndiye aliyenionyesha kitu kilichokuwa mbele yangu.

Kwa hiyo usisubiri vifaa vyote. Ukifika Kwihara, mpigie mtu mmoja tu aliye mbali, mwulize anataka kuona nini, kugusa nini, kusikia nini. Kisha fanya anachokuomba.